Miaka miwili Hanoi, bibi na bwana

Tangu tuliporudi Bukavu wengi wenu mnatuuliza kama mtu wa kwetu anaweza kwenda kufundisha Kiingereza mbali, na bibi na bwana wakakaa pamoja. Anaweza. Lakini kwanza muangalie karatasi.

Sisi wote wawili tulisoma Kiingereza hapa, kwenye ISP. Korea ya Kusini ilitufungia mlango mapema: viza yake ya walimu wa Kiingereza ni kwa raia wa nchi saba tu, na katika Afrika ni Afrika ya Kusini peke yake. Vietnam inaangalia zaidi dipolome na cheti cha kufundisha. Dipolome zetu na vyeti vya kuonyesha kwamba hatuna kosa mbele ya sheria vilipaswa kupigwa mihuri na kutafsiriwa Kivietnam. Na tuseme ukweli, vituo kadhaa vilipoona picha zetu vilinyamaza.

Kituo kimoja kilikubali, lakini kilitaka kumwandikia bwana peke yake, bibi aingie kama mke. Tulikataa. Viza ya mke haimpi ruhusa ya kufanya kazi, na kibali cha bwana kikikatika, yake nayo inaanguka. Bwana akiugua, au wakikosana, huyo mama atashika nini katika inchi ya watu? Tulingoja mpaka kituo kingine kilipotupa mikataba miwili, kila mtu na jina lake, kibali chake cha miaka miwili na mshahara katika konti yake.

Watoto wa Hanoi wanasoma shule mchana, kwa hiyo masomo ya Kiingereza ni jioni, Jumamosi na Jumapili. Tulitoka kazini saa tatu usiku. Saa hiyo Bukavu ni saa kumi ya alasiri, mtoto wetu ametoka shule, yuko kwa mama mkwe. Tulipiga simu tukiwa bado barabarani, kando ya pikipiki zisizohesabika. Hatukwenda naye kwa sababu shule za kule zinazofundisha kwa Kifaransa au Kiingereza zinaomba ada tusiyoiweza. Mwaka wa kwanza alilia kwenye simu. Mwaka wa pili alianza kuongea haraka haraka, akatuaga mwenyewe, akaenda kucheza. Hiyo ya pili ilituuma zaidi.

Wanafunzi walimwita bibi “cô”. Ndilo jina la mwalimu mwanamke, na ni lile lile la dada ya baba. Basi yeye alikuwa shangazi ya watoto sitini, nao hawakumwogopa hata kidogo! Bwana walimwita “thầy”, mwalimu mwanaume, kwa heshima kubwa na kelele kidogo. Tarehe 20 Novemba ni siku ya walimu nchini kote, na wazazi walituletea maua mpaka ndoo zikakosekana nyumbani.

Sokoni tulikuta matembele. Wanayaita “rau lang”, wanayakaanga na kitunguu saumu, bila mawese, lakini jani ni lile lile. Mama muuzaji alishangaa kuona tunayajua, akatuongezea fungu. Katika mkoa wa Phú Thọ watu wanakula hata sombe, ila wanaichachusha kwanza kwa chumvi. Tulionja. Hapana.

Mwezi wa kwanza kuna baridi yenye manyunyu, na nyumba nyingi hazina moto wa kuotea. Halafu inakuja Tết, mwaka mpya wao, vituo vinafunga, kila mtu anarudi kwa wazazi. Siku hizo tulipanda treni kwenda Huế, usiku mzima, juu ya ile reli ya kilometa 1,726 ambayo Wafaransa waliimaliza mwaka wa 1936. Mzee mmoja ndani ya behewa alitusalimia kwa Kifaransa cha shule ya zamani. Tukaongea naye mpaka usingizi ukamshika.

Kibali kilipoisha walitaka kutuongezea miaka miwili mingine. Mtoto alikuwa anafikisha miaka minane. Tulirudi.

Mikataba yote miwili tungali nayo. Kikundi kinachotaka kuisoma, kitujulishe, tutaileta kwenye mkutano na kuitafsiri mstari kwa mstari.