Machozi ya Hujaji

Hija ni mizani yenye vitanga viwili. Kitanga kimoja humpima msafiri, na cha pili huwapima wenziwe. Njia ndefu humfunua mtu kama jua lifunuavyo vazi lililochanika: mvumilivu huonekana, na mwenye choyo huonekana. Lakini liko jambo moja ambalo mizani hii haiwezi kulipima kwa wepesi, nalo ni machozi. Nani ajuaye kama chozi la jirani limetoka moyoni au katika tamaa ya kutazamwa? Swali hili lilimwandama mwanamke mmoja wa Uingereza nusu ya maisha yake, na baada ya miaka mia sita bado halijamwacha.

Mwanamke huyo ni Margery Kempe. Alizaliwa yapata mwaka 1373 katika mji wa bandari wa Bishop's Lynn, ambao sasa huitwa King's Lynn. Baba yake, John Brunham, alikuwa meya wa mji huo mara tano, na binti alikua akiijua fahari. Aliolewa na John Kempe alipokuwa na umri wa miaka 20 hivi. Uzazi wa kwanza ulimtia katika ugonjwa wa akili uliodumu zaidi ya nusu mwaka, hata ikabidi afungwe asijidhuru. Alisimulia kwamba alipona siku alipomwona Yesu amevaa joho la hariri ya zambarau, ameketi kando ya kitanda chake. Hata hivyo kiburi hakikumtoka mara moja. Alifanya biashara ya kupika pombe, ikaharibika. Akaweka kinu cha kusaga nafaka, farasi wakakataa kuvuta. Ndipo alipoona kwamba dunia inamfungia mlango wake ili atafute mlango mwingine.

Mlango huo wa pili haukufunguka bure. Mke wa zama zile hakuweza kuweka nadhiri ya kujitenga na mumewe bila ridhaa ya mume, na Margery alizaa watoto 14. Ijumaa moja ya joto katika mwaka 1413, wawili hao walikuwa njiani wakitoka York, mke amechukua pombe na mume amechukua mkate. Walikaa chini ya msalaba wa njiani wakapatana kama wafanya biashara: mume asimguse tena, na mke amlipie madeni yake yote kabla ya kwenda Yerusalemu, tena ale na kunywa pamoja naye siku za Ijumaa, ambazo alizoea kuzifunga. Wako wasomaji ambao hucheka kwa habari hii. Lakini mwenye kuitazama vema ataona kwamba uhuru wa mwanamke ulikuwa na bei, na mwanamke huyu aliilipa.

Mwaka huo huo alivuka bahari, akapita Constance mpaka Venice. Wenziwe walimchoka upesi. Hakula nyama, alilia mara kwa mara, na mezani hakuwa na mazungumzo ila ya Mungu. Walimkata kanzu yake ikawa fupi, wakamvika gunia jeupe aonekane mpumbavu, wakamketisha mwisho wa meza. Yafaa kusemwa kwa haki kwamba msafiri aliyechoka hutaka kula kwa amani, wala si kila mcha Mungu ni mwenzi mwepesi. Lakini kuchoka ni jambo moja, na kumdhalili mgeni ugenini ni jambo lingine.

Katika mwaka 1414 aliiona Yerusalemu akiwa juu ya punda, na furaha ilimlevya hata akakaribia kuanguka. Hujaji mmoja wa Kijerumani alimtia viungo kinywani, akidhani ameugua. Mahali pa Kalvari alianguka, akanyosha mikono, akapiga ukelele ambao hakuweza kuuzuia, na ukelele huo ulimrudia kwa miaka mingi. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Wenziwe walifika pale kama watu wa mbali wanaozuru kaburi la kale. Margery alifika kama mfiwa wa siku ile. Hapo ndipo walipotengana, wala si mezani.

Alipotaka kupanda mlima ambako Yesu alifunga siku 40, hakuna mwenziwe aliyempa mkono. Alimpa sarafu Mwislamu mmoja aliyepita, naye akampandisha hata kileleni. Margery alikumbuka kwamba watu wote wa nchi ile walimtendea wema, isipokuwa watu wa nchi yake mwenyewe.

Nyumbani hatari ilikuwa kubwa zaidi, kwa maana tangu mwaka 1401 sheria ya Uingereza iliruhusu wazushi wa dini kuchomwa moto. Mwaka 1417 alikamatwa, akasimamishwa mbele ya Henry Bowet, Askofu Mkuu wa York. Alipoulizwa sababu ya kulia, alijibu kwamba iko siku askofu atatamani naye angalilia hivyo. Wanawake wa kijiji kimoja walitoka mbio na vijiti vyao vya kusokotea, wakitaka achomwe.

Mume wake alipozeeka alianguka ngazini, akarudi kuwa kama mtoto, asiweze kujizuia haja. Margery alimchukua, akamfulia na kumkokea moto mpaka alipokufa, ingawa kazi hiyo ilimnyima saa za sala alizozipenda. Safari hii haikuwa na bahari wala kileleta cha mlima, na hakuna aliyeitazama kwa mshangao.

Hakujua kuandika, kwa hiyo aliwasimulia waandishi, akijiita kiumbe tu. Kitabu chake kilikamilika mwaka 1438, na nakala ya pekee ilionekana mwaka 1934 katika nyumba ya ukoo mmoja wa Uingereza. Wataalamu wangali wakigombana juu ya machozi yake, wengine wakiyaita neema na wengine ugonjwa. Pengine hukumu iliyo karibu na haki haipo Kalvari bali kando ya kitanda cha mzee yule. Machozi yaweza kudanganya. Nguo zilizofuliwa kila siku kwa ajili ya mtu asiyeweza kushukuru ni vigumu kudanganya.