Kumsikiliza Mwanafunzi Aliye Mbali

Ndugu zangu Waislamu, elimu ya kusoma Kur'ani hupokewa kinywa kwa kinywa. Mwanafunzi humsikiliza mwalimu wake, tena humtazama midomo na ulimi, apate kujua "tha" yatoka wapi na "sin" yatoka wapi. Basi mtoto akihama na wazazi wake kwenda nchi ya mbali, kisomo chake chaweza kukatika njiani. Binti mmoja wa chuo chetu alihamia Uingereza hali amekwisha kusoma juzuu tatu, na mama yake akaniomba nisimwache.

Kompyuta ya chuoni ni kuukuu. Wako walionishauri tutie ndani yake programu zilizonakiliwa pasi na idhini ya wenyewe. Nikakataa, kwani haifai kusomesha Maneno ya Mwenyezi Mungu kwa chombo cha dhuluma. Kijana mmoja akatuwekea Debian, mfumo ulioanzishwa mwaka 1993 juu ya msingi wa Linux, kazi aliyoianza Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Wenyewe wameruhusu utumiwe, unakiliwe na ugawiwe bila ya malipo. Kwa mazungumzo ya picha tulitumia Jitsi Meet, nayo hufunguliwa ndani ya Firefox.

Siku ya kwanza picha ilifika, sauti isifike. Basi yapasa msomaji ajue mambo matatu. Kwanza, Firefox huomba ruhusa ya kutumia kamera na kipaza sauti. Asiyeitoa asitaraji kuonekana wala kusikika. Pili, kamera iliyoshikwa na programu nyingine huenda isipatikane mpaka ile ifungwe. Tatu, kompyuta yaweza kuwa na vipaza sauti viwili, ikachagua kisichofaa. Hilo la tatu ndilo lililotusibu. Tukafungua mipangilio ya sauti, tukachagua kile cha pili, na kipimo kikaanza kucheza kwa kila neno.

Kisha kuna mambo ya kisomo chenyewe. Sauti huchelewa kidogo njiani, kwa hiyo haiwezekani kusoma pamoja. Mwalimu asome, anyamaze, mwanafunzi arudie. Kichujio cha kelele nacho huweza kuidhania madda ndefu au ghunna kuwa ni uvumi, kikaikata. Ni bora kizimwe. Mtandao ukidhoofika, punguzeni ubora wa picha kabla ya kuizima kabisa, maana midomo yahitajiwa.

Wala adabu isisahauliwe. Mzazi awepo, chumba kiwe na sitara, na kamera ifunikwe baada ya somo.

Enyi vijana mnaovijua vyombo hivi, nendeni kwa walimu wenu mkawasaidie. Saa moja ya kazi yenu yaweza kumhifadhia mtoto wa Kiislamu kisomo chake ugenini, na hiyo ni sadaka yenye kuendelea.

Wabillahi taufiq.