Kushuka Ngomo kwa Motokaa ya Zamani

Mji wa Bukavu umekaa juu ya rasi tano zinazoingia katika ziwa Kivu, na maji ya ziwa hilo yako mita 1,460 hivi juu ya bahari. Uvira uko kando ya ziwa Tanganyika, ambalo kimo chake ni mita 770 hivi tu. Mto Ruzizi ndio unaounganisha maziwa hayo mawili, nao hushuka karibu mita 700 kwa maporomoko na makelele. Msafiri atokaye Bukavu kwenda Uvira hana budi kushuka vilevile. Wengi walizoea kuvuka mpaka na kufuata barabara ya lami ya upande wa Rwanda. Asiyevuka mpaka hupita Nyangezi, kisha huteremka Ngomo mpaka Kamanyola, kwa barabara nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni genge.

Njia hiyo ya Ngomo ndiyo tuliyoishika mwezi wa Julai mwaka 2017, wakati wa kiangazi. Tulikuwa pamoja na wanafunzi sita waliorudi kwao Uvira kwa likizo. Motokaa yetu ilikuwa Land Rover ya zamani, ya aina ile iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Mwili wake ulikuwa umekwaruzika, lakini injini iliitika vizuri. Hata hivyo, kabla hatujatoka mjini, shofere alisikia mambo matatu: mlio wa “tok” kila alipoachia klachi, sauti ya kulialia kama kifaranga motokaa ilipokwenda polepole, na mtetemo chini ya miguu ilipokwenda mbio. Tukaingia katika karakana moja ya Kadutu.

Fundi, mzee wa makamo, alilala chini ya motokaa. Akashika kwa mikono miwili mti mrefu wa chuma utokao katika sanduku la gia kwenda kwenye magurudumu ya nyuma, akautikisa huku na huku. Kisha alimwita mwanafunzi mmoja.

“Mwanangu, njoo uone. Unaona vumbi jekundu hapa?”

“Ndiyo, Mzee. Ni kama kutu.”

“Ni kutu kweli. Grisi imekwisha, chuma kinasaga chuma.”

Shofere akasema, “Mzee, wazazi wa watoto hawa wanangoja. Je, hatuwezi kufika Uvira kwanza, tukatengeneza huko?”

Fundi alijibu kwa upole, “Ndugu yangu, kama ungekwenda sokoni tu, ningekuacha. Lakini wewe unashuka Ngomo.”

Wasomaji wapenzi, inafaa tueleze neno hilo la fundi. Mti ule wa chuma huitwa kardani, kwa jina la mtaalamu wa Italia, Gerolamo Cardano, aliyeishi tangu mwaka 1501 hata 1576. Mwaka 1898 Louis Renault wa Ufaransa aliutia katika motokaa yake mahali pa mnyororo. Sasa, sanduku la gia limefungwa imara, lakini magurudumu ya nyuma hupanda na kushuka kwa kila shimo. Mti usioweza kukunjika ungevunjika siku ile ile. Kwa hiyo, kila mwisho wa kardani una kiungo, kama kiwiko cha mkono. Ndani ya kiungo hicho mna kipande cha chuma chenye umbo la msalaba, nacho hutoshea katika kiganja. Huko Kenya na Tanzania mafundi hukiita krosi. Ncha zake nne huvikwa vikombe vidogo, na ndani ya kila kikombe hupangwa vijiti vyembamba kama sindano, ili msalaba ugeuke kwa wepesi. Mwamerika Clarence Spicer alipata hati ya uvumbuzi wake wa kiungo cha namna hii mwaka 1903, na tangu hapo motokaa nyingi zimekwenda kwa viungo vya ukoo huo.

Vijiti hivyo havizunguki duara zima. Huenda mbele kidogo na kurudi kidogo, mahali pale pale, maelfu ya mara kwa siku. Grisi ikikauka, au maji ya mto yakiingia, huchimba vijifereji katika ncha za msalaba. Hapo ndipo mlio wa “tok” unapoanzia.

Na hatari ya Ngomo ni ipi? Katika Land Rover hizi za zamani, breki ya mkono haishiki magurudumu. Hushika ngoma iliyo nyuma ya sanduku la gia, mahali kardani ya nyuma inapoanzia. Tena, mteremkoni shofere mwenye akili hutumia gia ndogo ili injini ishikilie motokaa, kwa maana breki za mguu zikikanyagwa muda mrefu hupata moto na kulegea. Nguvu zote mbili, ya injini na ya breki ya mkono, hupita katika misalaba ile miwili ya kardani ya nyuma. Mmoja ukikatika wakati motokaa inakwenda kwa magurudumu ya nyuma peke yake, injini hainyonyi tena mwendo, na breki ya mkono hushika chuma kisichofungamana na kitu. Hubaki breki za mguu tu, nazo huenda zimekwisha kupata moto.

Shofere hakusema neno jingine. Alikwenda soko la Kadutu, akarudi na misalaba miwili mipya. Fundi alipima vikombe vyake kimoja kimoja, akavilinganisha na vya zamani.

Kwanza aliweka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu, kwa kuwa kardani ikiondolewa breki ya mkono haifai kitu. Pili, alitia alama kwa tindo kwenye kardani na mahali inapofungwa, ili irudi vile vile ilivyokuwa. Kiungo kilichokunjwa hakizunguki kwa mwendo mmoja: katika kila mzunguko huharakisha mara mbili na kukawia mara mbili. Kiungo cha pili husahihisha kosa la cha kwanza, ila kama nyuma zao mbili zimeelekea upande mmoja. Mwenye kuzigeuza hujipatia mtetemo mpya mahali pa ule wa zamani.

Alifungua nati nne za kila upande, akatoa pete ndogo zinazobana vikombe, akaisukuma misalaba kwa jiliwa. Wanafunzi walipewa wa zamani waupapase kwa kidole. Vijifereji vilikuwa wazi kama alama za meno. Kisha fundi alisafisha matundu na kupaka grisi ndani ya vikombe vipya, ili vijiti visianguke. Kijiti kimoja kikilala chini ya ncha ya msalaba, kikombe hakifiki mahali pake. Alivibana kwa taratibu, akarudisha pete, akageuza kiungo kwa mkono pande zote. Mwishowe alisukuma grisi kwa pampu mpaka ikachungulia katika vikombe vyote vinne. Kazi ilichukua saa tatu.

Tulishuka Ngomo alasiri. Shofere aliweka gia ndogo, na injini ikanguruma kwa kujizuia. Penye kona moja tulikuta lori limesimama katikati ya njia. Tulingoja juu ya mteremko, breki ya mkono imevutwa, watoto wamenyamaza, genge liko hatua chache kutoka dirishani. Motokaa haikusogea hata kidogo. Baadaye tambarare ya Ruzizi ikafunguka mbele yetu, pana na yenye joto. Tukapita Luvungi na Sange, na usiku tulikabidhi watoto wote sita kwa wazazi wao.

Basi, ninyi mnaotunza motokaa ya zamani ya shule, ya parokia au ya jamaa, laleni chini yake mara moja kwa mwezi. Shikeni kardani, itikiseni, tafuteni vumbi jekundu. Tieni grisi kabla ya mlio wa kifaranga, tena upesi kila mvukapo mto. Mkisikia “tok”, msihesabu siku zilizobaki. Abiria wa nyuma hawajui kilicho chini ya viti vyao. Shofere ndiye ajuaye kwa ajili yao.