Likizo ya Mashemeji Kando ya Ziwa

Mara nyingi twasikia habari za watu wa Ulaya ambao likizo yao ni kuzuru mashamba ya mizabibu, kuonja mvinyo na vyakula vya wenyeji, kisha kwenda kutazama mchezo. Mizabibu hata kwetu ipo, huko Dodoma na pande za Naivasha. Lakini mimi nilikwenda Kisumu, nami nilikuwa na sababu yangu.

Sababu yenyewe ni aibu kidogo kuitaja. Mimi ni mtu wa Kakamega, mfuasi wa AFC Leopards tangu utoto. Mke wangu ni binti wa Kisumu, na kaka yake ni mfuasi wa Gor Mahia. Timu hizi mbili zinapokutana, mchezo huitwa wa mashemeji, kwa kuwa Waluo na Waluhya wameoana tangu zamani. Mara ya mwisho tulipoutazama pamoja huko Nairobi nilimtamkia shemeji maneno yasiyofaa mbele ya watu. Hakunijibu neno, na kwa muda wa miezi minane hakunipigia simu. Basi alipoleta habari kwamba Gor Mahia watacheza Kisumu na timu nyingine, nami nikipenda niende, sikungoja kuambiwa mara ya pili.

Kutoka Nakuru tulishika njia ya Londiani na Fort Ternan, tukateremka hadi Muhoroni. Hapo ndipo ilipo nchi yetu ya mizabibu, ila zabibu zake ni miwa. Kuanzia Muhoroni, kupita Chemelil hadi Miwani, macho hayaoni ila miwa, na upepo una harufu ya molasi, ambayo hapo Muhoroni hupikwa ikawa spiriti. Kiwanda cha Miwani, kilichoanza mwaka 1922, kilikuwa cha kwanza cha sukari nchini. Mwaka 2001 kikaingia mikononi mwa wafilisi. Nilimwomba dereva asimame kidogo, nikakitazama kwa huzuni.

Shemeji anakaa Kajulu, chini ya vilima. Alinipokea kwa adabu, akaniuliza habari za dada yake na za watoto, kisha akanyamaza. Usiku ule nililala vibaya.

Asubuhi alinipeleka Dunga, kijiji cha wavuvi kilicho kusini ya mji, penye mafunjo marefu na ndege wa kila namna. Msomaji akifika Kisumu asikose kwenda huko mapema, mashua zinaporudi. Tuliagiza ngege, akakaangwa mzima, kisha akatiwa katika mchuzi wa nyanya na vitunguu, pamoja na ugali, ambao wao huuita kuon, na mboga ya osuga, yaani mnavu. Chakula hiki huliwa kwa mkono, wala hakuna haraka. Mama mpishi alituambia kwamba siku hizi mgeni hana budi kuuliza samaki wake ametoka wapi: ziwani, katika vizimba vya kufugia, au katika barafu kutoka Uchina. Mbuta, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950, alikula samaki wengi wa asili, na gugumaji nalo huziba njia ya mashua. Wa kwetu alikuwa wa ziwani, na bei yake ilionyesha hivyo.

Adhuhuri tukaenda uwanja wa Mamboleo, uliofunguliwa mwaka 2021. Hapo ndipo nilipotambua kosa langu: nilikuwa nimevaa shati la buluu, rangi ya Leopards, katikati ya maelfu ya watu wa kijani. Vijana wakaanza kunitazama. Shemeji, bila kusema neno, alivua koti lake la kijani akanivika. Tarumbeta zililia dakika zote 90, na Gor walipotia bao nilijikuta nimesimama. Nasema kweli, sikusudii kurudia.

Jioni, huko Kajulu, kilitolewa chungu cha kong'o, pombe ya nafaka, ambayo wazee huivuta kwa mirija mirefu iitwayo oseke, wote wakikizunguka chungu kimoja. Mzee mmoja jirani alitusimulia habari za Luo Union waliochukua kombe la Afrika ya Mashariki na Kati mwaka 1976 na 1977, na jinsi Gor walivyoleta nyumbani kombe la Afrika mwaka 1987. Alipomaliza, nikakusanya moyo.

“Shemeji,” nikasema, “yale maneno ya Nairobi...”

“Maneno gani?” akajibu, akaniwekea mrija mkononi. “Vuta, shemeji. Chungu hakimngoji mtu.”

Kesho yake alinifungia mfuko wa omena wa kumpelekea dada yake. Nilipotaka kumrudishia koti alikataa, akasema nilirudishe mwenyewe siku Leopards watakapokuja Mamboleo.