Nilivyojifunza Kusoma Kadi

Mtu akiniuliza nimesomea wapi ufundi wa kompyuta, humjibu kwamba nimesomea kwenye maboksi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, pale Kariakoo, tulikuwa tunapokea kompyuta za mtumba kutoka Ulaya na Dubai. Iliyogoma kabisa tuliing'oa kadi zake, tukazitupa boksini bila mpango: za sauti, za picha, za mtandao, modemu. Fundi mkuu hakuwa na maneno mengi. "Dogo, tenganisha hizo," alisema, akarudi kwa mteja wake.

Wenzangu walipanga kwa kazi, sauti huku, picha kule. Kwangu swali la kwanza lilikuwa kadi inaingia wapi, kwa sababu kadi nzima isiyo na pa kuchomekwa haimfai mteja. Basi nilianza na meno ya dhahabu ukingoni. Kadi za tundu la aina ya ISA zina meno mapana: 62 kwa zile zilizokuja na IBM PC mwaka 1981, kisha mwaka 1984 kikaongezwa kipande cha pili cha meno 36. PCI, iliyoletwa na Intel mwaka 1992, meno yake ni membamba na yamebanana. Elekeza mabati ya hizo mbili, yale yenye matundu ya kuchomekea waya, upande mmoja: chipu za moja zitakutazama, za mwenzake zitakupa mgongo. AGP ya mwaka 1997 ina meno ya ngazi mbili, na pengo lake ndilo linalokuambia volti, 3.3 kwa za zamani, 1.5 kwa zilizofuata. Mteja mmoja aliuziwa kwingine kadi ya zamani iliyokatwa pengo lisilo lake. Iliingia vizuri tu. Mazabodi ikaungua.

Baada ya meno, bati. Matundu 15 kwa safu tatu ni ya kioo, hilo halina mjadala. Matundu 15 kwa safu mbili ndiyo yaliyowababaisha wanafunzi, maana kadi ya sauti inayo, ya kuchomekea kishikio cha michezo, na kadi ya mtandao ya zamani nayo inayo. Pitisha kidole: penye kibati kinachoteleza ni mtandao, penye vitundu vya spika pembeni ni sauti. Modemu huwa na matundu mawili madogo ya waya wa simu.

Stika niliziamini kidogo sana. Jina la kwenye boksi ni la muuzaji, chipu ndiyo yenye habari. RTL8139 ikishaonekana, najua draiva ya kutafuta hata kama kadi haina jina lolote. Mara nyingi pembeni ya nambari kuna tarakimu nne za tarehe. 9842 ni wiki ya 42 ya mwaka 1998. Wino ukifutika, napaka mate kidogo, nainamisha chipu kwenye mwanga. (Si usafi, lakini inasaidia.) Ikishindikana, naichomeka. PCI hujitambulisha yenyewe kwa nambari: 10EC ni Realtek, 10DE ni NVIDIA, na Intel walijichukulia 8086, jina la prosesa yao ya mwaka 1978. Majivuno, lakini nambari haisahauliki. Kwa ISA nyingi za zamani hakuna msaada huo. Unahamisha jampa, unawasha, unaomba.

Siku hizi sauti na mtandao vimo ndani ya mazabodi, na wanunuzi wa skrepa hupita wakipima kadi kwa kilo, wakiifuata dhahabu ya meno. Kilo haijui tofauti. Lakini bado kuna mashine za kiwandani zinazoendeshwa na kompyuta yenye tundu la ISA, na kadi yake ikifa, mwenye mashine hana duka la kwenda. Kwa hiyo, fundi mwenzangu, kabla hujampakilia mtu wa mizani, zitoe ISA, zifunge kwenye mifuko ya kuzuia umeme tuli, andika nambari ya chipu juu yake. Mteja wake yupo, na hatabishana bei.