Kiburi cha Kujua

Mwalimu akisimama mbele ya watoto kwa miaka mingi hupatwa na ugonjwa mmoja: hudhani kwamba kila swali lina jibu, na kwamba jibu hilo analo yeye. Ugonjwa huo niliugua, na dawa yake nimeipata uzeeni, katika maandishi ya mtu ambaye ujanani nisingekubali hata kuyafungua.

Mtu huyo ni Friedrich Hayek, mwanauchumi aliyezaliwa Vienna mwaka 1899, akafundisha London, Chicago na Freiburg, akafariki mwaka 1992. Alikuwa mtetezi wa uhuru wa mtu binafsi na wa soko huria. Kitabu chake The Road to Serfdom, cha mwaka 1944, kilionya kwamba Serikali ikijitwalia kazi ya kupanga uchumi wote, mwishowe itapanga na maisha ya watu. Sisi vijana wa Azimio la Arusha watu wa namna hiyo tuliwaita mawakili wa mabepari, na mjadala ukaishia hapo.

Hoja iliyonigusa zaidi aliiandika mwaka 1945. Maarifa yanayoendesha uchumi, alisema, hayakai mahali pamoja. Yametawanyika: kidogo kwa mkulima, kidogo kwa dereva wa lori, kidogo kwa mama anayejua watoto wake watakula nini kesho. Hakuna ofisi iwezayo kuyakusanya yote. Bei ndiyo inayopeleka habari kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Ikipanda, inatangaza kwamba kitu kimeadimika.

Niliposoma hayo nilimkumbuka mwenye duka wa kijiji nilichofundisha. Mwaka 1983 bidhaa zilikuwa adimu nchini Tanzania, bei zilipangwa na Serikali, na msako wa walanguzi ukaanza. Bwana yule aliuza sukari na sabuni kwa bei ya juu kuliko iliyopangwa. Mimi, mwalimu mkuu kijana, nilisimama katika mkutano wa kijiji nikamtaja. Nilipigiwa makofi. Bidhaa zake zilichukuliwa, naye akalala mahabusu siku kadhaa. Hakuna aliyeuliza alilipa nauli kiasi gani, wala alikesha njiani mara ngapi na gunia moja la sukari. Duka likafungwa. Bei halali ilibaki ubaoni, sukari haikuonekana.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Sisi tulimfunga mjumbe kwa sababu habari aliyoileta ilituuma.

Miezi michache baadaye mke wangu alijifungua. Nepi tulifua kwa majani ya mpapai. Usiku mmoja mtoto wa yule bwana alipiga hodi.

"Shikamoo, mwalimu. Baba amesema hii ni ya mzazi."

Ulikuwa mche wa sabuni, umefungwa katika gazeti. Fedha alikataa. Sikwenda kumwomba radhi baba yake. Niliona haya, na mzee yule alifariki kabla haya zangu hazijaisha.

Mwaka 1974 Hayek alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Gunnar Myrdal wa Sweden, ambaye mawazo yao yalipingana. Katika hotuba yake aliwaonya wanauchumi wenzake wasijifanye wanafizikia. Jamii ya watu, alisema, haitengenezwi kama fundi atengenezavyo chombo. Hulelewa kama mtunza bustani aleavyo mimea. Kuhusu imani, yeye mwenyewe hakuwa muumini. Hata hivyo, katika kitabu chake cha mwisho, cha mwaka 1988, alikiri kwamba dini ndizo zilizohifadhi desturi za familia na mali, ambazo faida yake watu hawakuweza kuieleza. Mimi ni Mkristo, na kwangu Mungu si mlinzi wa mali. Lakini namshukuru asiyeamini huyu kwa kunikumbusha unyenyekevu.

Sikusudii kumfanya msahafu. Mwaka 1981, Chile ikiwa chini ya Jenerali Pinochet, aliliambia gazeti la huko kwamba angependelea dikteta wa kiliberali kuliko serikali ya kidemokrasia isiyo na uliberali. Hapo naye aliugua ugonjwa wangu: alidhani anajua kwa niaba ya watu ambao midomo yao ilikuwa imefungwa. Tena, niliwafundisha akina mama kusoma chini ya mwembe, kwa mshahara wa Serikali. Sidhani kama yupo mfanyabiashara ambaye angenilipa kwa kazi ile, na barua walizoandika kwa mikono yao ni faida ambayo haikuwa na bei.

Kwa hiyo sijahama kutoka jibu moja kwenda jingine. Nilichojifunza ni kuuliza kabla ya kuhukumu. Siku ile mkutanoni lilihitajika swali moja tu: "Ndugu, sukari hii imekugharimu nini mpaka kufika hapa?" Mwalimu nilikuwa mimi, na swali hilo sikuliuliza.