Kilo za Mtu Haziishi Kwenye RAM

Mfumo tunaouhudumia unapokea parachichi kutoka vituo vya kukusanyia, vingine Rungwe mkoani Mbeya, vingine Kilolo na Mufindi mkoani Iringa. Karani anapima kreti, anaingiza kilo kwenye simu, mkulima anasubiri ujumbe. Msimu ukipamba moto, hifadhidata inayoandika kila kitu kwenye diski kabla ya kujibu huelemewa. Ndiyo maana tukaleta hifadhidata nyingine, Redis.

Salvatore Sanfilippo, Mwitaliano, aliianzisha mwaka 2009 kwa shida inayofanana na yetu: hifadhidata yake haikumudu kasi ya taarifa za wageni wa tovuti. Akaamua data ikae kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, mahali ambapo kusoma na kuandika ni chapuchapu kuliko kwenye diski yoyote. Ila RAM hushika mambo umeme ukiwepo tu.

Tuliiweka kwenye klasta, kundi la mashine linalosimamiwa na programu ya Kubernetes. Waliobuni Kubernetes, ambayo Google iliitoa hadharani mwaka 2014, walikubali tangu mwanzo kwamba mashine hufa. Kontena, yaani kifurushi ambamo programu inaendeshwa, likivuka kiwango cha kumbukumbu ulicholipangia, linauawa, na jingine linawashwa badala yake. Nauheshimu sana mpango huo. Lakini klasta inamrudisha mfanyakazi tu, hairudishi alichokuwa anakijua. Usipolitengea kontena diski yake ya kudumu, jipya linaamka tupu.

Mwenzangu wa Iringa, kijana hodari, hakuona tatizo. “Dada, hiyo ni data ya kutwa moja tu.” Nikamwomba twende wote kwenye kituo kimoja karibu na Tukuyu. Mama mmoja alitua kreti mbili mizanini. Karani, kabla hajagusa simu, aliandika kilo kwenye daftari. Yule mama hakuitazama simu hata mara moja. Alikuwa anaitazama kalamu, na ilipoinuka ndipo akajifunga vizuri kanga yake na kuwapisha wa nyuma.

Redis nayo ina daftari, faili linaloongezewa kila badiliko. Kwa mpangilio uliozoeleka, yaliyoandikwa husukumwa diskini kila sekunde, kwa hiyo mashine ikizimika ghafla unaweza kupoteza kama sekunde moja ya kazi. Unaweza kuiamuru isukume kila badiliko papo hapo, na hapo gharama yake ni kasi. Kuchagua ni juu yako, na uchague kabla umeme haujakatika. Sisi tuligawa. Bei ya leo na urefu wa foleni zinakaa RAM, maana zikipotea zinahesabiwa upya. Kilo za mtu zinaandikwa kwanza kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, diskini, ndipo ujumbe unamfikia. Mwenzangu alipima ucheleweshaji akakuta ni sehemu ndogo ya sekunde. Tangu siku ile tuliyokwenda Tukuyu hakubishana tena.

Tangu hapo nimekuwa nikiwatazama watu wangu kwa swali hilohilo: kipi tunakishika kichwani tu, na kipi hakiwezi kuhesabiwa upya? Kijijini kwetu Kilolo mipaka ya mashamba ya ukoo ilikuwa kwa mjomba mmoja. Ukimuuliza, jibu ulilipata hapo hapo: mti ule, jiwe lile, mfereji uliokauka. Alipofariki, watoto walirithi shamba, mipaka hawakuirithi, na ndugu waliokula sahani moja wakaanza kupelekana baraza la ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilikuwa imeshafungua njia ya hatimiliki za kimila. Katika wilaya jirani ya Iringa, kuanzia katikati ya miaka ya 2010, vijana wa vijiji walizunguka mashambani wakipima mipaka kwa simu, majirani wakishuhudia. Wapo walioona ni usumbufu. Mimi naona ni kazi ya upendo mkubwa, kumwandikisha mzee angali anakumbuka, badala ya kumlilia kisha kugombania jiwe alilokuwa akilijua peke yake.

Mjomba wetu wa pili yuko Mufindi, ana nguvu, na anapenda kutembea. Nimeshazungumza na mtendaji wa kijiji. Kabla ya mvua za Novemba tutazunguka naye shamba zima, majirani wakiwepo, na kaka yangu nimemwambia siku hiyo asipange safari nyingine.